Mkanda wa ISO 50 umerudi mweupe kama maji. Wapiga picha wa Nyanda za Juu, nimekosea wapi?

#1 Mwanauyole

Wakuu, salaam. Swali langu lina historia kidogo, vumilieni.

Baba mdogo kaniachia Pentax K1000 yake. Ndiyo ile aliyopigia harusi na vipaimara vya ukoo mzima miaka ya tisini. Chuma tupu. Betri yake ni ya kipima mwanga tu, ikifa kamera inaendelea kupiga. Dada yangu anasoma Uingereza, alipokuja likizo nikamwagiza aniletee mikanda myeusi na nyeupe yenye chembe ndogo kuliko zote atakazokuta dukani. Akaja na Ilford Pan F Plus minne, ISO 50 (ISO ni kiwango cha mkanda kuhisi mwanga). Nilikuwa nimesoma kwamba ISO ikishuka chembe za fedha nazo zinakuwa ndogo, picha inatoka laini, unaweza kuikuza bila kuona mchanga.

Mkanda wa kwanza niliumalizia Isimila, zile nguzo za udongo kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini ukija Mbeya. Jua kali la mwezi wa saba. Nikautuma Dar kwenye studio moja inayosafisha mikanda ya rangi. Umerudi mweupe pe, unasoma gazeti kupitia humo.

Wa pili nilipiga Kitulo, Februari, maua yamefunika kila kitu. Ukakaa kwenye droo mwaka na miezi kadhaa. Rafiki akaenda nao Nairobi kwa mtu anayejua kazi. Huu umetoka na picha, lakini hafifu, kama kitu unachokiona kupitia moshi wa kuni mbichi.

Imebaki miwili. Sitaki kuiua. Kamera ndiyo mbovu au mimi?

#2 Chapati_Mbili

Navuta stuli, chai ninayo. Wataalamu njooni.

#3 PikseliKali

Pole mkuu, ila hili ni la kujitakia. Simu yangu ina megapikseli 50, napiga, naona, nafuta, naposti kabla basi halijatoka stendi. Wewe unasubiri mwaka kuona ukungu. Na yule mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali tangu 1975. Kampuni ikaiweka kabatini, 2012 ikaenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Mwenye mkanda mwenyewe alishindwa, wewe wa Uyole utaweza?

#4 FundiMstaafu

Nimekuwa na studio hapa Iringa miaka mingi, watoto wa mjini wengi picha zao za kwanza za pasipoti nimewapiga mimi. Kijana, kabla ya kulaumu kamera nijibu jambo moja. Huo mkanda mweupe, pembeni karibu na matundu, yapo maandishi? Jina la mkanda, namba 1, 1A, 2, 2A?

#5 Mwanauyole

Shikamoo mzee. Nimeuweka dirishani sasa hivi. Hakuna herufi hata moja. Mweupe mwanzo mpaka mwisho.

#6 FundiMstaafu

Marahaba. Basi kamera ya baba yako mdogo haina hatia.

Yale maandishi huchapwa na kiwanda kwa mwanga, wewe hujagusa. Kama mkanda haukushika kwenye meno, au shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, haikufunguka, picha zingekosekana lakini maandishi yangebaki. Yakipotea yote, tatizo limetokea kwenye dawa. Na wewe umesema mwenyewe walikuwa wanasafisha mikanda ya rangi. Kwenye mkanda wa rangi picha hubaki kama wino, fedha yote huondolewa kwa makusudi, ile dawa ya pili na ya tatu kazi yake ndiyo hiyo. Kwenye mkanda wako picha NI fedha yenyewe. Wameuosha kwa dawa ya kung'oa fedha. Picha zako za Isimila zilikuwepo kwa dakika chache, ndani ya mashine, gizani, hakuna aliyeziona.

Ipo mikanda myeusi na nyeupe iliyotengenezwa kwa dawa ya rangi, Ilford XP2 ni mmojawapo. Pan F haimo.

#7 Chapati_Mbili

"Zilikuwepo kwa dakika chache gizani, hakuna aliyeziona." Mzee umenitia simanzi na chai yangu.

#8 DadaNegativu

Mwagonile wote, niko Tukuyu.

Mkanda wa pili naujibu mimi maana yamenikuta. Pan F ina tabia moja ambayo hata Ilford wenyewe wanaitahadharisha: picha ukishaipiga, kabla ya kusafishwa, haikai. Wanashauri usafishe ndani ya miezi mitatu. Mkanda mwingine utausahau kwenye mkoba hata miaka miwili ukatoka vizuri tu, huu unafifia. Wewe umeulaza mwaka na ushee. Ndiyo moshi wako huo.

Halafu kaka, samahani nitacheka kidogo. Ulienda Bustani ya Mungu, maua yamechanua, na mkanda usio na rangi? Tena bila kichujio, nakuhakikishia. Ua jekundu na jani la kijani vinaweza kutoka kijivu kilekile, ua likazama kwenye majani. Ungeweka kichujio chekundu ua lingepauka na majani yangeingia giza, ungeona tofauti. Ila kichujio hicho kinakula mwanga stopu tatu, yaani unabaki na moja ya nane, na kwa ISO 50 chini ya mawingu ya Kitulo ungebaki na spidi ya konokono.

#9 Mwanauyole

Bila kichujio, dada. Umenikamata. Na upepo ulikuwa unayumbisha maua yote, nilipiga kwa 1/30 ya sekunde, kamera mkononi.

#10 DadaNegativu

1/30 kwa mkono na mkanda wa chembe laini! Hapo umelipia ulaini ukautupa. Mkanda wa 400 wenye chembe kubwa kwa 1/250 ungekupa picha kali kuliko hiyo. Mtu akiniuliza mkanda gani una chembe ndogo, huwa namuuliza kwanza stendi ya miguu mitatu anayo?

Hesabu ni hii. Jua la wazi, tundu la lenzi f/16 (namba ikishuka tundu linapanuka), spidi ni moja chini ya ISO, kwa hiyo 1/60 kwenye K1000 yako. Hiyo ni Isimila mchana. Mawingu mazito unafungua mpaka f/5.6. Huku kwetu Tukuyu, ndani ya migomba na mvua ikinyemelea, mara nyingi niko f/2.8 na 1/30. Bila stendi nimekwisha. Wakati mwingine inafika sekunde nzima, na ukivuka hapo mkanda unaanza uvivu: kipimo kikisema sekunde 10, Pan F inataka kama 21. Acros II ya Fuji ndiyo haina hiyo tabia, inakwenda mpaka sekunde 120 bila kuongeza kitu. Kwa maporomoko ya mto alfajiri mimi naitumia hiyo.

#11 PikseliKali

Mnaona? Sekunde 21, stendi, kichujio, miezi mitatu. Kwa faida gani? Nipeni namba, msinipe mashairi.

#12 DadaNegativu

Namba hizi hapa. Nachukua T-Max 100, mkanda wa chembe bapa ambao Kodak walianza kuuza 1986. Karatasi ya kiwanda inasema unatenganisha jozi 200 za mistari kwa milimita. Watu wa kamera za mkanda hunukuu hiyo 200 mitandaoni wakivimba vifua. Soma mstari wa chini yake: 200 ni pale ambapo mweupe ni mara 1000 ya mweusi. Tofauti ikishuka kuwa 1.6 kwa 1, ambayo ndiyo manyoya ya kondoo, gome la mti, ngozi ya bibi, inabaki 63.

Jozi moja inahitaji pikseli mbili. Milimita moja pikseli 126. Kidirisha cha mkanda wa kawaida ni milimita 24 kwa 36, kwa hiyo 3024 kwa 4536. Karibu megapikseli 14, na hapo lenzi haijakosea, hujatikisika na fokasi umeipata.

#13 PikseliKali

Kumi na nne! Asante kwa kunisaidia kushinda kesi, dada.

#14 DadaNegativu

Umeshinda, chukua kombe. Mimi sijawahi kusema milimita 35 inaipiku dijitali. Natumia Yashica ya kuangalia kwa juu, ile ya lenzi mbili. Negativu yake ni milimita 56 kwa 56. Zidisha mwenyewe kwa 126, upande mmoja ni 7056, jumla karibu milioni 50, na mkanda ni uleule. Chembe hazijabadilika hata moja, negativu ndiyo imekua. Ndiyo maana wazee wa studio hawakuhangaika na ISO 50. Seydou Keïta kule Bamako alikuwa anapiga kwa negativu za sentimita 13 kwa 18, unahesabu nyuzi za kitenge cha mteja.

Ukitaka ulaini, kabla ya kutafuta mkanda mwembamba tafuta negativu kubwa.

#15 FundiMstaafu

Huyu binti kasema neno. Sisi tulikuwa na mkanda wa ISO 125 wa negativu za sentimita 6 kwa 6 na tulikuza ukutani picha ya bwana harusi mpaka vishikizo vya koti vikang'aa.

#16 Mwanauyole

Yashica sina, nina K1000 na mikanda miwili. Nisaidieni na hivyo. Nataka kusafisha mwenyewe nyumbani, ila dawa Mbeya sijaona. Nilienda duka moja la vifaa vya maabara kutafuta hypo, ile dawa ya kukaza picha, nikauliza, "Samahani, haipo ipo?" Muuzaji akanitazama sana. "Kama haipo, sasa unaulizia nini?"

#17 Chapati_Mbili

😂😂😂 Haipo haipo.

#18 Mwl_Maabara

Kamweneee. Mafinga hapa, nafundisha kemia.

Wewe uliza kwa jina lake la shule: sodiamu thaiosalfeti. Kila aliyefika kidato cha nne anaijua, ni ile tunayochanganya na asidi halafu tunasubiri alama ya X chini ya chombo ipotee. Maduka ya maabara wanayo kwa kilo. (Nunua, tafadhali. Usimtume mdogo wako aikombe stoo ya shule, practical zinakaribia.) Fuwele gramu 250 kwa lita ya maji, mkanda ukae humo dakika 10. Maji yatakuwa baridi sana ukizikoroga, zinanyonya joto zikiyeyuka, hivyo anza na maji ya moto. Mikanda ya chembe bapa, T-Max na Delta, iongezee muda, ni migumu kuisha.

Dawa ya kuotesha picha unaweza kuipika jikoni. Huko Marekani, 1995, darasa moja la Rochester liliotesha mkanda kwa kahawa ya unga na soda ya kufulia. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Kwa mikanda ya ISO ndogo, lita moja:

soda ya kufulia kavu gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya kuyeyuka papo hapo gramu 40. Yeyusha kwa mpangilio huohuo, subiri povu litulie. Nyuzi 20, dakika 15, pindua tangi la kusafishia mara tatu kila dakika. Kwa tangi la mkanda mmoja mililita 300 zinatosha, gawanya.

Soda ya kufulia kama huipati, usiweke magadi ya kupikia makande. Yale ni mchanganyiko, na udongo juu. Chukua bekingi soda, ikaange kwenye sufuria kavu, koroga. Inatoa mvuke na hewa ya ukaa, inageuka kaboneti. Gramu 100 zinashuka mpaka 63. Pima, rudisha jikoni, pima tena. Mizani isiposhuka imeiva.

#19 Chapati_Mbili

Sisi wa Mbozi tunalima kahawa, mnatuambia tuoshee picha?

#20 Mwl_Maabara

Na habari mbaya ni kwamba ya kwenu haifai sana! Mbozi ni arabika. Kinachofanya kazi humu ni zile asidi za kahawa, na robusta anazo nyingi zaidi. Chukua Africafé, ya Bukoba. Ya kwenu kunyweni.

#21 FundiMstaafu

Mwalimu nakuheshimu, lakini hapa siwezi kunyamaza. Kijana kaagiza mkanda laini kutoka ng'ambo, halafu anauosha na kahawa. Ni kushona suti kisha kuifunga na pini.

Dawa ndiyo inayoamua chembe itaonekanaje. D-76 ya Kodak nilikuwa naichanganya mwenyewe, mpaka leo naota vipimo vyake: metoli 2, salfaiti 100, haidrokwinoni 5, boraksi 2, kwa lita. Tazama hiyo 100. Salfaiti nyingi hivyo inalamba kingo za chembe za fedha, zinapoteza makali, picha inatulia. Rodinal ya Wajerumani, ya tangu 1891, haina huruma hiyo, inaziacha kila moja na ncha yake. Wapo wanaoipenda. Mimi kwenye uso wa bibi harusi, hapana.

Na kahawa inaacha doa la udongo kwenye negativu.

#22 Mwl_Maabara

Mzee ni kweli tupu, na doa lipo. D-76 akiipata aitumie, sibishi. Lakini haidrokwinoni na metoli atazitoa wapi wiki hii? Na miezi mitatu ya Pan F inahesabu akishapiga. Bora afanye mkanda mmoja kwa kahawa aone mikono yake ilivyo, mwingine autunze usubiri dawa ya mzee.

#23 FundiMstaafu

Hilo nakubali. Mmoja.

Ongezea hili, kijana. Jua la kiangazi kwetu halina vumbi wala unyevu, kivuli kinatoka cheusi ti. Pan F yenyewe nayo ni kali. Mkiwa wawili wakali mtagombana. Iwekee kipimo cha ISO 25 badala ya 50 ili vivuli vipate chakula, halafu punguza dakika za dawa kidogo, mbili au tatu, ili mawingu yasiungue. Au nenda asubuhi kabla jua halijawa na nguvu.

#24 PikseliKali

Swali la kweli, siyo utani. Hapa Dar maji ya bomba ni ya uvuguvugu muda wote. Hiyo nyuzi 20 mnaipataje?

#25 DadaNegativu

Hilo ndilo jambo pekee ambalo wa Dar mnatuonea wivu 😄 Nyie mnahitaji barafu. Sisi Julai tunahitaji birika. Beseni la maji, unachanganya ya moto mpaka kipimajoto kisome 20, chupa zote na tangi vinakaa humo.

Mbona unauliza?

#26 PikseliKali

Nauliza tu.

#27 Mwanauyole

Wakuu nimerudi. Wiki tatu.

Nilirudi Isimila. Nililala Iringa, nikafika kule jua ndiyo linachungulia. Stendi niliazima kwa jamaa wa video za harusi, waya wa kubonyezea nilikuta kwenye begi la baba mdogo (K1000 haina hata ile saa ya kujipiga). Kipimo 25, f/11, spidi mara 1/8, mara 1/4. Mlinzi aliniuliza kama napima ardhi.

Kupakia mkanda kwenye spuli nilijifungia kabatini saa nne usiku, blanketi juu, taa ya jirani nimemwomba azime. Nilitoka jasho kuliko siku ya usaili. Kahawa na soda, wakuu, harufu yake haisemeki, mke wangu alihamia sebuleni na mtoto.

Picha 36. Kumi na moja nzuri. Saba ni kivuli tupu, nadhani niliogopa nikafunga mno. Nyingine nilipakia vibaya kwenye spuli mkanda ukagusana, kuna mabaka yenye umbo la mwezi. Ila hizo kumi na moja... nguzo moja ina mistari ya tabaka za udongo, juu mpaka chini, na kila mstari una kijivu chake. Kwa macho nilipokuwa pale sikuiona. Nimeiona kwenye negativu kwa kioo cha kukuzia.

Nikaiweka juu ya skrini ya tableti, nikapiga kwa simu. Ikatoka takataka, imejaa vinukta vya rangi. Hiyo ndiyo chembe?

#28 DadaNegativu

Hongera sana! Hapana, hivyo ni vinukta vya skrini yenyewe. Umepiga picha ya tableti. Inyanyue negativu sentimita tano juu ya skrini, katikati weka plastiki nyeupe ya maziwa, kama kifuniko cha ndoo. Na simu haiwezi kukaribia vya kutosha, utapata nguzo lakini siyo mistari yake. Skana za mezani nazo zinaandika nukta 6400 kwa inchi kwenye boksi na kutoa chini ya nusu. Kinachofaa ni kamera ya dijitali yenye lenzi ya makro, ya kupiga vitu kwa karibu sana, juu ya stendi, ikitazama chini.

Ndiyo, PikseliKali, nimesema kamera ya dijitali. Usiandike kitu.

#29 PikseliKali

Sijaandika kitu. Makro ninayo, ya milimita 100. Nitakuwa Mbeya mwishoni mwa mwezi kwenye msiba. Negativu hizo ziwekwe mahali pasipo na vumbi.

#30 Mwanauyole

Karibu sana mkuu, na poleni kwa msiba.

Mwalimu, swali la mwisho. Maji ya haipo nimeyarudisha kwenye chupa, yatatumika tena? Na kuoshea nilimaliza ndoo tatu, bomba letu linatoka siku mbili kwa wiki.

#31 Mwl_Maabara

Ndoo tatu nyingi mno. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, pindua 10, mwaga. Jaza, 20, mwaga. Ni njia ya Ilford wenyewe, haifiki lita mbili. Suuza ya mwisho tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, siyo yale ya asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo. Madoa ya chokaa hutayaona.

Haipo: kata ulimi wa mkanda mpya, ule unaotoka nje, utumbukize, hesabu sekunde mpaka upauke. Andika kwenye chupa. Siku utakapochukua mara mbili ya muda ule, imekwisha.

#32 FundiMstaafu

Na chupa iandike kwa herufi kubwa, iweke mbali na jiko. Kwangu mtu alishawahi kuitia kwenye birika.

#33 Chapati_Mbili

Mzee, simulia.